Siku Mbili za Nani

Kiswahili changu cha kwanza nilijifunza kwa wapagazi kule Moshi, nacho kilikuwa Kiswahili cha mizigo: inua, tua, ngoja, maji yako wapi, leo tunalala hapa. Niliporudi nyumbani Meru nikabatizwa, mchungaji Mdachi wa misheni yetu ya mlimani aliona hicho kidogo kinatosha, akanifanya mkalimani wake. Jumapili yeye alisema kwa Kiswahili, mimi nikasema kwa Kimeru, na pale nilipokwama nilijazia mwenyewe, maana habari za Yesu nilikwisha kuzisikia mara nyingi na hazikuwa zikibadilika. Nilikuwa na mke, na binti mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, na migomba niliyogawiwa na baba yangu. Sikujiona mtu aliyepungukiwa na kitu.

Mwaka mmoja, masika yalipokwisha na njia zikakauka, akaja Mdachi mwingine kutoka bomani Arusha. Hakuwa askari wala mchungaji. Alikuwa mrefu, mwembamba, pua imebabuka kwa jua hadi ngozi inatoka vipande vipande, na nyuma yake wapagazi walibeba masanduku ambayo aliyakodolea macho kila walipoyatua, kama mama anavyomwangalia mtoto aliyebebwa na mtu asiyemjua. Watu walimwita Bwana Mpima. Kazi yake ilikuwa kupima nchi ya chini, kuanzia Mto Themi kwenda mawio ya jua, pale migomba inapokwisha na mbuga inapoanza. Alihitaji mtu wa kusema na wenyeji. Mchungaji akaniazimisha kwake kama mtu anavyoazimisha jembe, nami nikashuka.

Siku ya kwanza niliaibika. Bwana Mpima alikuwa amekaa Tanga miaka mingi, Kiswahili alikipata huko, na kilikuwa kikubwa kuliko changu. Matamshi yalimkwaruza kooni, lakini maneno alikuwa nayo. Alisema "upeo wa macho", alisema "mzingo", alisema "kadiri", na mimi mkalimani nikabaki mdomo wazi. Ikawa kwanza ananieleza neno kwa maneno mengine, ndipo nami nawaambia watu. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi: Mzungu akinifundisha Kiswahili ili nipate kumtafsiria.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Alisimamisha darubini yake ya miguu mitatu juu ya kilima, na juu ya kilima kingine ng'ambo ya bonde alimweka msimamizi wa wapagazi wake, Mnyamwezi mmoja mwenye ndevu za mvi, akiwa na kioo. Mnyamwezi alilikamata jua kwenye kioo na kulielekeza kwetu. Ukichungulia darubini uliona kama nyota imeshuka mchana ikakaa juu ya majani. Bwana Mpima alisoma namba zake, akaandika, akasogeza, akasoma tena. Mnyamwezi alipofika mahali papya alipiga bunduki moja hewani, kutuambia yuko tayari.

Ile bunduki ndiyo iliyoniletea taabu. Moshi wake ulitoka mweupe juu ya kilima, kisha kimya, ndege wanaendelea kulia, mtu unaanza kuwaza mambo mengine, ndipo mlio unafika. Siku za mwanzo nilidhani anapiga mara mbili, ya kwanza bila sauti. Halafu nikadhani masikio yangu yana ugonjwa. Mwisho nikamwuliza Bwana Mpima.

Akatoa jicho kwenye darubini. "Bunduki ni moja. Moshi unauona, mlio unausikia. Mlio unatembea, una mwendo wake kama mtu. Umechelewa njiani."

"Na kuona hakuchelewi?"

Akanigeukia mwili mzima. Nadhani tangu Tanga hakuna mtu aliyewahi kumwuliza neno, isipokuwa habari za posho na chumvi.

"Kunachelewa pia," akasema. "Nuru nayo inatembea."

Nilicheka, nikifikiri ananitania. Kwetu ukifungua mlango asubuhi nuru imekwisha kuingia, huioni ikivuka kizingiti. Nikamwambia hivyo. Hakukasirika. Alisema, "Basi tujaribu," akamtuma mpagazi mmoja avuke bonde kumweleza Mnyamwezi mpango: sisi tutainua shuka jeupe, na tutakapoliangusha, yeye papo hapo afunike kioo kwa kofia. Kuanguka kwa shuka kutakwenda kwake kwa nuru, na kufunikwa kwa kioo kutarudi kwetu kwa nuru. Tutaona kama kuna kuchelewa.

Nilisimama na shuka kama mtu anayeangalia mchezo wa kamari. Nikaliachia. Kule ng'ambo nyota ya mchana ikazimika, si papo hapo kabisa, lakini karibu.

"Umeiona nuru ikienda na kurudi?" akaniuliza.

"Nimeona mikono ya mtu," nikasema.

"Vema! Ulichokiona ni uzito wa mikono yako na yake. Katika muda huo nuru ingeweza kwenda na kurudi mara maelfu."

Sasa hapo ndipo nilipopotea kabisa. Tulikuwa tumefanya jaribio la kuonyesha kwamba nuru inachelewa, jaribio likaonyesha kwamba haichelewi, na yeye alikuwa amefurahi kana kwamba ameshinda. Nilikunja shuka. Usiku ule nililala nikiwaza kitu kinachotembea, kisichoonekana kikitembea, na ambacho ndicho kinachotuonyesha kila kinachotembea.

Kuanzia hapo hakuniacha. Jua likielekea kuchwa na kazi imesimama, alikaa mlangoni mwa hema lake, soksi zimeanikwa kwenye kamba juu ya kichwa chake, anakula ndizi za kuchemsha kwa asali, na ananifundisha bila kuombwa. Mimi sikujua kama kusikiliza ni sehemu ya kazi au la. Nilisikiliza.

"Kutoka hapa hadi Moshi ni mbali kiasi gani?" aliniuliza jioni moja.

"Siku mbili."

"Siku mbili za nani?"

Sikuelewa swali.

"Wewe unasema siku mbili. Za mtu gani?"

"Za mtu asiye na mzigo."

"Na mwenye mzigo?"

"Tatu. Akiwa mgonjwa, nne."

"Na gari la ng'ombe la Makaburu?"

"Hilo sijui, Bwana. Kama kuna matope linaweza kukaa hadi watu wakalisahau."

Akacheka hadi asali ikamdondokea ndevuni. Kisha akasema, "Unaona? Ninyi mnapima njia kwa siku. Sisi wenye kusoma nyota tunafanya vivyo hivyo. Tunachukua mtu mmoja tu, mwenye mbio kuliko wote, tunauliza yeye atatumia muda gani. Mtu huyo ni nuru."

Nilidhani nimeelewa. Kwa mara ya kwanza kitu kilikaa kichwani mwangu na hakikuteleza. Basi nikamwuliza huyo mwenye mbio atafika Moshi kwa muda gani, naye akasema hakuna neno dogo kiasi hicho. Akapepesa jicho. "Kabla ya hivi," akasema. "Kabla ya kupepesa kuanza. Ukimwacha azunguke dunia nzima, ataizunguka mara saba na zaidi kabla hujasema jina lako."

Sikujua kwamba dunia inazungukwa. Sikutaka kumwambia. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua, na kile kilichokuwa kimekaa kikaanza kuteleza.

Mwezi ulikuwa umetoka. Alisema nuru ya mwezi inatufikia katika kupepesa jicho mara moja au mbili. Jua, dakika nane. Akatoa saa yake ya mfukoni akanionyesha dakika nane zilivyo, tukakaa kimya sote wawili tukiutazama mshale mdogo. Ni muda wa kutosha kwenda kisimani kwetu na kujaza mtungi. Nikasema, "Basi jua si mbali sana." Ndipo akaninyang'anya hilo nalo. Alisema mtu akianza kutembea kwenda jua, asilale, asile, asikae chini hata kidogo, na awe ameanza kabla Musa hajazaliwa, hata leo atakuwa bado yuko njiani. Yule mzee wa nyakati zile bado anatembea, na nuru inakwenda kwa muda wa kujaza mtungi. Nilijaribu kuyaweka hayo mawili pamoja, yakakataa.

Mwishoni alinionyesha nyota. Upande wa kusini, juu ya mbuga, ambako kwetu mlimani ndiko macho yanakoelekea kila jioni, kuna nyota nne zilizokaa kama msalaba, na kushoto kwake mbili kubwa. Ile iliyong'aa zaidi kati ya hizo mbili, alisema, ndiyo jirani yetu wa karibu baada ya jua. Nuru yake inatufikia baada ya miaka minne na kitu. Zilizobaki ni makumi, mamia, maelfu.

"Maelfu ya nini?"

"Miaka. Miaka ya nuru."

"Mwaka ni wa kutembea, Bwana?"

"Wewe mwenyewe umesema Moshi ni siku mbili."

Ni kweli, nilisema.

Wiki hiyo kazi yetu ilifika kwenye malisho ya baba mkwe wangu. Yalikuwa chini, kwenye kijito kinachoteremka kutoka mlimani, na ng'ombe wake walikunywa hapo tangu enzi za babu yake. Bwana Mpima alisoma namba, wapagazi wakachimba, wakasimamisha mawe mawili yaliyochongwa, meupe, wakayashindilia udongo. Mimi niliambiwa niwaeleze wachungaji wa ng'ombe wasiyang'oe. Niliwaeleza. Waliniuliza ni ya nini, nikasema ni ya kupimia. Hilo ndilo nililokuwa naambiwa, na sikuona sababu ya kuuliza zaidi. Kichwa changu kilikuwa kusini, kwenye ile nyota.

Jumamosi nilipanda nyumbani. Baada ya kula nilimwita mke wangu nje, mtoto akiwa mgongoni mwake, nikamwonyesha. Nilimweleza yote kama nilivyoelezwa, bunduki na moshi, shuka na kioo, mtu wa nyakati za Musa, na ile nyota ya miaka minne. Mke wangu alikuwa mtu wa kusikiliza hadi mwisho. Nilipomaliza akauliza, "Sisi tuna miaka mingapi tangu wazee wako waje kwetu?"

"Mitatu."

"Basi ile nuru ilipotoka kule, ulikuwa hujanioa."

"Naam. Ndivyo ilivyo."

"Na mtu aliyeko kule sasa hivi, akitutazama?"

Nikamwambia nitauliza.

Jumatatu niliuliza. Bwana Mpima alipiga paja lake kwa furaha. "Mwambie mkeo ana akili! Mtu wa kule, akiwa na darubini kubwa ya kutosha, atamwona yeye bado msichana."

Nilipanda mlima katikati ya wiki, bila ruhusa, kwa ajili ya jibu hilo tu. Nilimkuta anamenya ndizi. Nilitegemea atacheka. Aliendelea kumenya.

"Nikiwa msichana nilikuwa chini kule, nachunga na kaka zangu," akasema. "Atawaona ng'ombe wetu?"

"Atawaona."

"Wote?"

"Nadhani wote."

"Na yale mawe, je?"

Mawe, nikasema, kwa yule wa kule bado hayajafika.

Akaweka kisu chini. "Baba yangu anauliza ni ya nini. Ananiuliza mimi, kwa kuwa hawezi kukuuliza wewe mkwe wake. Nimwambie nini?"

Nikasema nitamwuliza Bwana Mpima. Akaniangalia, akasema, "Kila kitu unakwenda kumwuliza."

Sikulazimika kuuliza, maana neno lilikwisha kufika kwa Mangi, mtawala wetu. Watu walisema Mdachi yule ana uchawi wa kioo, analishusha jua mchana, anaipima nchi usiku kwa nyota ili aifunge. Mangi akatuma ujumbe kwa mchungaji, na mchungaji akakubali kwamba Jumapili, baada ya ibada, Bwana Mpima aje asimame kwenye uwanja wa kanisa na kueleza kazi yake kwa watu wote, nami nitafsiri.

Walikuja wengi kuliko wanaokuja kwa ajili ya ibada. Bwana Mpima alikuwa amechana nywele na kuvaa koti. Alianza vizuri. Alionyesha kioo, akawaachia wanawake wajiangalie, akaonyesha darubini. Hakuna uchawi, alisema, ni macho tu na hesabu. Hayo niliyatafsiri bila shida na watu wakawa wanaitikia kwa vichwa. Kisha akaona nyuso zinamsikiliza, na furaha ikampanda. Akaacha habari za nchi, akaingia habari za nuru.

Nilimwona anaondoka, kama unavyomwona mtu anashika njia isiyo yake, na sikuwa na la kufanya ila kumfuata. Aliposema nuru inatembea, mimi kwa lugha yetu nilitafuta neno. Lililokuja mdomoni ni lile tunalolitumia kwa mchana. Nikasema mchana unatembea. Hilo watu walilikubali, maana kila siku wanauona ukienda. Aliposema nuru ya ile nyota ina miaka minne njiani, nikasema, kama ninavyokumbuka, mchana wa nyota ile uko njiani miaka minne na sasa unafika.

Kukawa na minong'ono. Mama mmoja mwenye mtoto mkubwa mgongoni akauliza, "Ukifika utakaa siku ngapi?"

Mwingine akadakia, "Na kulala tutalala lini?"

Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Nilimtafsiria Bwana Mpima maswali hayo, akashangaa, akanieleza upya kwa haraka, nami nikaeleza upya, na kila nilipofumua fundo moja nikafunga mengine. Mchungaji, aliyekuwa akifahamu Kimeru kidogo, alinikazia macho kutoka kwenye kiti chake. Sikujua tena nani amesema nini. Nilisikia sauti yangu ikisema mambo ambayo mimi mwenyewe nisingeyaamini kama ningeambiwa na mtu mwingine.

Ndipo baba mkwe wangu akasimama. Hakuwa mzee sana, nywele zake zilikuwa bado nyeusi, na hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Mimi sikupaswa kumtazama usoni, kwa heshima, nikatazama miguu yake.

"Mwambie huyo bwana nyota zake tumezisikia," akasema. "Ziko mbali. Hazili majani yangu wala hazinywi maji yangu, azipime apendavyo. Mimi namwuliza mawe aliyoyachimbia pale ng'ombe wangu wanapokunywa. Ni ya nini?"

Nilitafsiri. Kati ya yote niliyotafsiri siku ile, hayo ndiyo yaliyotoka sawasawa, neno kwa neno.

Uso wa Bwana Mpima ukabadilika kama mtu aliyeamshwa. "Mwambie mimi napima tu. Anayegawa ni serikali."

Niliposema hivyo kwa Kimeru, watu wakageukiana. Nadhani mpaka hapo hakuna aliyekuwa amelisikia neno kugawa.

"Inagawiwa?" baba mkwe akauliza. "Kwa nani?"

"Sema sijui atakayepewa," Bwana Mpima akaniambia, chini chini.

Nikasema. Baba mkwe akaketi. Mchungaji akainuka akaomba, nami nikatafsiri sala, na watu wakatawanyika wakiongea kwa vikundi. Hakuna aliyeniaga.

Kabla ya mvua za vuli askari alishuka kutoka bomani na kuwaambia watu wa pale kijitoni waondoe mifugo. Baadaye kidogo akaja Kaburu mmoja na gari la ng'ombe, mkewe amekaa mbele, kuku kwenye tundu nyuma, wakaanza kukata miti ya nyumba. Siku ile ya askari mke wangu alimfunga mtoto mgongoni, akasema, "Nakwenda kwetu. Wanahitaji watu wa kuswaga." Hakusema atarudi lini, nami sikuthubutu kuuliza.

Niliendelea na kazi. Wengine kwetu waliniuliza kwa nini. Mchungaji ndiye aliyeniazimisha na hakuwa amenirudisha, hilo ni moja. Lakini pia kulikuwa na jioni. Mchana nilimchukia yule mtu, nikiona wapagazi wakishindilia jiwe jingine. Jioni nikakaa mlangoni mwa hema lake nikamwuliza kama nyota zote ziko mbali sawa, au zimepangwa moja nyuma ya nyingine kama miti ya msitu. Alisema kama miti ya msitu. Nilifurahi. Kisha nikakumbuka mke wangu yuko wapi na kwa nini, nikaona haya kwa furaha ile, na kesho yake nikauliza tena.

Halafu homa ikamkamata. Alilala siku kadhaa anatetemeka chini ya mablanketi yote tuliyokuwa nayo, na kwa kuwa Mnyamwezi alikuwa ng'ambo ya bonde na mizigo, mimi ndiye niliyemnywesha maji na dawa yake chungu. Alipopata nafuu kidogo, jioni moja, alikuwa ameegemea sanduku, macho yameingia ndani, na nikaona kwamba kama kuna la kuuliza niulize sasa.

"Bwana, ule msitu wa nyota una mwisho?"

"Sijui."

Nilingoja aeleze.

"Sijui," akarudia. "Hakuna anayejua."

Sikuwahi kumsikia Mzungu akisema neno hilo kwa habari ya vitu vyake. Liliniogopesha kuliko yale ya maelfu ya miaka. Nikiwa bado na hofu hiyo, lingine likanitoka bila kulipanga.

"Bwana, wewe unajua nyota iko mbali kiasi gani. Hukuweza kuwaambia wakubwa wa bomani kwamba pale kijitoni kuna ng'ombe?"

Alifumba macho.

"Niliwaambia," akasema. "Nilichora kwenye ramani. Maji, njia ya ng'ombe, zizi. Vyote nilivichora."

"Wakasema nini?"

"Wakasema ramani ni nzuri."

Siku chache baadaye wapagazi walimlaza kwenye machela wakamchukua Moshi. Alinipa mkono, mkono wake ukiwa wa moto bado. Nilitaka kumwambia neno lakini yalikuwa mawili na yaligombana. Kama alipona, kama alifika kwao, sikusikia kamwe.

Baadaye sana, Wadachi walipokwisha kuondoka na Waingereza kuja, nilifundisha kwa muda katika shule ya misheni, na katika mafundisho mlikuwa na habari za nuru. Niliandika ubaoni kwamba hupita kilomita laki tatu kwa nukta moja, yaani sekunde moja. Watoto wakanakili. Niliwatazama wakinakili nikawa nangoja mmoja wao ainue mkono, na wakati huo huo naomba asiinue. Hadi leo nikiulizwa naweza kuitaja namba hiyo bila kusita. Siwezi kusema kwamba naielewa.

Lakini mwaka ule, Bwana Mpima alipokwisha kwenda, nilirudi kwa mchungaji na kwa migomba yangu, nikakaa peke yangu nyumbani. Mvua zikaanza. Asubuhi moja nilisikia mtu anapiga mluzi wa kuswagia ng'ombe kwenye njia ya chini, nikatoka. Alikuwa mke wangu, amelowa, mtoto mgongoni amefunikwa kwa jani la mgomba, mkononi ameshika kamba, na mwisho wa kamba ndama jike mwekundu asiyetaka kupanda.

"Baba amekwenda kwa mjomba, juu karibu na msitu," akasema alipofika. "Amechukua wale wanaoweza kuenea huko. Wengine amewagawa kwa ndugu. Huyu amesema ni wa mjukuu wake."

"Amesema neno juu yangu?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Amesema huyu asinyeshewe."

Nilichukua kamba. Ndama akanikanyaga mguu. Hatukuwa na zizi, na kuzunguka nyumba yetu kote kulikuwa na migomba hadi mlangoni. Mke wangu alimweka mtoto ndani, akachukua panga akaanza kukata, nami nikakata upande mwingine, ile mikubwa iliyokuwa bado haijazaa. Utomvu ukatutia madoa mikono yote miwili. Nilitaka kumwuliza kama alipokuwa kule kwao aliitazama ile nyota, lakini sikujua kama nauliza kwa ajili yake au kwa ajili yangu, nikaacha.

Ilipofika jioni tulikuwa na nguzo nne na mwanya mkubwa kwenye shamba. Ndama alikuwa amelala juu ya majani tuliyoyakata, anayatafuna.

"Kesho nitaezeka," nikasema.

"Kesho ni Jumapili. Una kazi ya mchungaji."

"Keshokutwa, basi."

"Na leo je? Ameshaanza kutetemeka."

Tukamwingiza ndani.